Kikohozi cha Jaji

Kila Ijumaa alasiri Begi alifuta majina. Alikaa kwenye benchi nyuma ya banda la makedi, wabeba fimbo wa klabu, boksi la mipira ya gofu magotini, kitambaa mkono huu na kichupa cha dawa ya kuondolea rangi ya kucha mkono ule, akasugua mpira mmoja baada ya mwingine mpaka jina la kiwanda likayeyuka na namba ikafuata. Mpira ulipobaki mtupu aliupuliza, akaubonyezea muhuri mdogo wa raba uliochongwa mizani ya haki, akauweka kwenye trei ya mayai ukauke. Kichupa kilikuwa cha mke wake, ambaye alikwishakata tamaa ya kuwa na kucha nyekundu.

Muhuri ulikuwa wa Jaji. Jaji alikuwa amestaafu kazi miaka kumi iliyopita, kuhukumu hakustaafu. Alihukumu supu ya klabu, alihukumu suruali za wanachama, alihukumu mvua ikichelewa na ikiwahi. Hakukubali kupiga mpira wenye jina la mtu mwingine, akisema yeye si bango la matangazo, na kwa hiyo kila mpira wake ulifutwa na kutiwa mizani. Kazi hiyo ilikuwa ya Begi kwa miaka ishirini na sita, pamoja na kubeba fimbo, kuzipangusa, kuchakura vichakani na kunyamaza.

Hata jina la Begi alipewa na Jaji. Siku ya kwanza alimuuliza anaitwaje, akajibiwa, akasema hilo ni refu mno na yeye anachotaka ni begi lake tu lifike salama. Makedi wakacheka, jina likaganda. Mvua ilipokuwa ikinyesha, mwavuli ulifunika fimbo.

Na Jaji alikuwa na imani moja ambayo hakuna ushahidi uliowahi kuitikisa: mwanamume hupiga mpira mgumu. Mipira iko ya namna nyingi, wachezaji wanajua. Iko migumu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabingwa wenye mikono ya kasi, na iko laini, iliyotengenezwa kwa ajili yetu sisi wengine. Mpira laini Jaji aliuita yai la kuchemsha. Mfamasia mstaafu, mtu mpole aliyecheza na mipira laini ya njano bila kumficha yeyote, aliulizwa kila Jumamosi barazani, mbele ya watu, leo ametaga mangapi. Mfamasia alitabasamu na kukoroga chai yake. Angefanya nini tena?

Ukweli wenyewe ni mdogo, na kedi yeyote anaujua. Mpira ukipigwa lazima ubonyee kidogo usoni mwa fimbo, kisha ujirudishe. Kule kujirudisha ndiko kunakourusha. Mkono wenye kasi huubonyeza hata mpira mgumu. Mkono uliochoka haubonyezi kitu, unagonga tu, na mpira unaondoka kwa uvivu na kuanguka kabla ya safari. Si habari ya uanaume. Ni habari ya kasi, na kasi humwacha mtu bila kumuaga.

Ilimwacha Jaji miaka minne iliyopita. Alianza kuzamisha mipira katika bwawa la shimo la sita, ambalo alikuwa akilivuka huku akizungumza, na kila mpira ulipozama mkosaji alikuwa Begi. Begi amempa fimbo siyo. Begi amesimama vibaya, kivuli kimeingia. Begi amepumua. Siku moja Jaji alimrushia fimbo ikampata ugokoni, na Begi akainama, akaiokota, akaipangusa damu kidogo iliyokuwepo, akairudisha begini.

Kesho yake asubuhi, kwenye uwanja wa mazoezi, alipaka uso wa fimbo unga wa chaki na kumwomba Jaji apige mipira michache. Akatazama alama. Mpira mgumu uliacha doa dogo, punje ya dengu. Kisha akamwekea mpira laini aliokuwa ameufuta na kuutia mizani, mweupe sawa na wenzake, na huo ukaacha doa pana kama sarafu na kuruka hatua kumi na tano zaidi. Jaji aliusindikiza kwa macho mpaka ulipotua.

"Umeona?" akasema. "Mkono ni uleule."

Begi akaitikia kwamba ni uleule, Mheshimiwa.

Tangu siku hiyo mama wa duka la klabu akawa anambadilishia. Boksi la mipira migumu ambalo Jaji alilichagua mwenyewe lilirudi kabatini, la mipira laini likatoka, na mama yule, aliyekuwa na mdomo wa kufungua mlango uliofungwa, kwa jambo hili aliushona. Mipira ilifutwa Ijumaa, ikatiwa mizani, na Jumamosi Jaji alivuka bwawa. Miaka miwili baadaye alishinda Kombe la Wazee. Mwaka uliofuata akalishinda tena.

Usije ukamwonea Begi huruma mapema. Hakufanya yote hayo kwa wema, au wema ulikuwa robo tu. Alipenda kujua. Jaji aliposimama barazani akihubiri juu ya mpira mgumu na mikono ya wanaume wa zamani, Begi, chini ya ngazi, begi begani, alijisikia mrefu. Bwana mkubwa alikuwa kiganjani mwake, na bwana mkubwa hakuwa na habari. Kuna watu hula siri kama wengine wanavyokula nyama, na Begi alinenepa kwa siri ile.

Katika miaka hiyohiyo kifua cha Jaji nacho kiliharibika. Alipata kikohozi cha ajabu, kikavu, kimoja tu, kilichomtoka kila fimbo ilipokutana na mpira. Hakukohoa akila, hakukohoa akilala, na daktari alimpima akasema mapafu ni ya kijana. Wanachama walimzoea. Mfamasia, ambaye hakuwa na kinyongo, alimletea chupa ya dawa ya kifua kila mwezi, na kila mwezi Jaji aliipokea bila kushukuru. Watu wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, kwa hiyo barazani walitaniana kwamba mzee atakuwa amempenda mtu huko uwanjani.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya fainali ya tatu. Anayeshinda Kombe la Wazee mara tatu mfululizo halirudishi. Kombe linakuwa lake, na jina lake linaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbini, mahali ambapo tangu klabu ijengwe yalikuwepo majina manne. Jaji alikuwa na miaka sabini na miwili. Nafasi nyingine hakuwa nayo, na kila mtu alilijua hilo, kuanzia mwenyekiti mpaka mfagiaji.

Jumamosi hiyo mtoto wake wa kiume alikuja na zawadi. Kilikuwa kigari cha umeme cha kubebea mchezaji na fimbo zake, cheupe, bado kina karatasi za nailoni kwenye viti, nacho kikaegeshwa mbele ya baraza ili kila mtu akione. Jaji alikizunguka mara mbili, akakigonga kwa kidole, akapanda ngazi na kulitangazia baraza kwamba baada ya fainali Begi atapumzika. Amezeeka, alisema. Anaburuta miguu. Mtu ukimsubiri kedi mpaka afike, mkono unapoa.

Begi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Hakuna aliyemgeukia. Ndivyo alivyopata habari ya kazi yake, kama vile mtu anavyopata habari ya msiba wa jirani, kwa kusikia wengine wanaongea.

Mmoja wa wanachama akauliza kwa mzaha, na mipira nani atamchagulia?

"Kuchagua?" Jaji akasema. "Huyu? Ningemwachia huyu achague, ningekuwa nacheza na machungwa."

Baraza lilicheka mpaka vikombe vikagongana. Mfamasia peke yake aliangalia chini. Begi naye alicheka, kwa sababu kedi asipocheka huulizwa ana nini, lakini kicheko hicho kilimkwama mahali fulani kati ya koo na kifua na hakikushuka. Miaka minne. Makombe mawili. Machungwa!

Nyumbani mke wake alimsikiliza huku akichambua mchele, akamwambia aachane naye. Mwenye nguvu mpishe. Begi akamjibu kwamba amempisha miaka ishirini na sita, na sasa amebanwa ukutani, ampishe aende wapi. Mke akainua macho kwenye ungo, akamtazama usoni, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Ijumaa ya mwisho alikwenda dukani. Mama wa duka alimpokea boksi la mipira migumu, akageuka kabatini kama kawaida, na Begi akamwambia aache, leo habadilishi. Mama yule alibaki na mkono hewani.

"Unajua unachofanya, baba?"

"Nampa alichoagiza," Begi akasema. "Kuna kosa gani kumpa mtu haki yake?"

Akaenda benchini kwake, akafuta, akapuliza, akapiga muhuri. Mipira kumi na miwili migumu ikapangwa kwenye trei, mizani imekaa wima, kazi safi. Ila kulikuwa na mpira mmoja laini uliobaki wiki iliyopita, nao ulikwishatiwa muhuri. Aliushika muda mrefu. Mwishowe akautia katika mfuko wa koti lake la kazi na kujiwekea sharti. Jaji akimwita kwa jina lake, jina la kuzaliwa, mara moja tu, popote kati ya shimo la kwanza na la mwisho, atampa huo mpira. Sharti lilimtuliza. Mtu akitaka kufanya ukatili hupenda kujiachia kamlango kadogo, hata kama anajua hakuna atakayekapita.

Fainali ilianza saa mbili asubuhi, anga safi, upepo hakuna. Mpinzani alikuwa Mfamasia, ambaye hakuna aliyetegemea afike pale, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mikono ilimtetemeka hata kofia ikawa inamshinda kuvaa. Mchezo wao ulikuwa wa kushindania shimo kwa shimo: anayemaliza shimo kwa mapigo machache zaidi, shimo lake. Jaji alimsalimia kwa kumuuliza kama leo ametaga ya kutosha mashimo kumi na manane.

Jaji akasimama, akapiga, akakohoa. Lakini kikohozi hakikutosha. Mpira ulilia *ka*, mlio wa kijiti kikavu kinachovunjwa, ukaruka chinichini na kuanguka nyuma sana ya pale ulipozoea kuanguka. Jaji alibaki na fimbo begani. Aligeuza kichwa na kumtazama Begi, mara moja, kitambo cha kufumba na kufumbua, kisha akatazama juu kwenye majani ya miti ambayo hayakuwa yakitikisika.

"Upepo," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa," Begi akaitikia. "Upepo."

Tangu pigo la pili Jaji hakukohoa tena. Begi aliliona hilo, akadhani ni wasiwasi wa fainali umemkausha. Mfamasia naye aliliona, na walipokuwa wakitembea kwenda shimo la tatu akasema kwa furaha ya kweli kwamba anaona ile dawa ya kifua hatimaye imefanya kazi.

"Imefanya," Jaji akasema.

Shimo la sita mpira ulizama. Jaji aliweka mwingine, nao ukazama, karibu kabisa na ule wa kwanza, viduara viwili vya maji vikapishana. Begi alisubiri atukanwe. Alisubiri fimbo irushwe. Ugoko wenyewe ulijikaza. Hakuna kilichokuja. Jaji alivua glavu, akatazama kiganja chake, akakifumba na kukifumbua mara kadhaa, halafu akaivaa tena na kuendelea na safari.

Begi alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka akajiogopa. Kila pigo lilipolia na kuanguka njiani alihisi kitu kinashuka kifuani mwake, kile kicheko kilichokwama, kikishuka taratibu. Alimtazama yule mzee akipungua. Hatua zilifupika, mabega yakaingia ndani. Kwenye shimo la kumi aliteleza kwenye mteremko mdogo, na Begi, aliyekuwa karibu, aliuweka mkono wake nyuma ya mgongo wake mwenyewe, akamwacha ashike nyasi. Wakati huohuo sikio lake lilikuwa wazi, likingoja jina. Lilisikia "Begi, fimbo." Lilisikia "Begi, kitambaa." Kamlango kalikuwa palepale, wazi, na hakuna aliyepita.

Hata hivyo Jaji hakufa kirahisi. Kwa mbali mkono ulimsaliti, lakini karibu na shimo, kwenye majani mafupi ambako mpira hausukumwi kwa nguvu ila kwa akili, alikuwa hatari kuliko siku zote. Alisoma miinuko akiwa amepiga magoti, magoti yakimlilia, na kuingiza mipira ya hatua sita, saba. Mfamasia kwa upande wake alivuka kila kitu kwa yale mayai yake ya njano, kisha akifika pa kumalizia anakosa mapigo ambayo mtoto angeyaingiza kwa mkono mtupu. Kwa hiyo walipofika shimo la kumi na nane, mbele ya baraza lililojaa watu, walikuwa sawasawa.

Shimo la mwisho ni fupi. Ni pigo moja tu juu ya bwawa, hatua mia na arobaini za maji, na ng'ambo yake majani mafupi, bendera, baraza na macho ya klabu nzima. Kigari cha umeme kilikuwa kimefungwa utepe. Kombe lilikuwa juu ya meza. Mfamasia alipiga kwanza, na pengine kwa sababu alikwishakubali kushindwa, mkono wake ukatulia. Mpira wa njano ulipanda, ukashuka, ukakaa ng'ambo. Watu wakapiga makofi kwa adabu.

Jaji alisogea mahali pa kupigia. Mfamasia na kedi wake walikuwa wamesimama mbali, kivulini. Jaji aliyatazama maji, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, kama alivyofanya maelfu ya mara.

"Nipe ule wako," akasema kwa sauti ya chini.

Begi alidhani hakusikia vizuri. "Upi, Mheshimiwa?"

"Usinifanye mtoto. Ule uliokuwa ukinipa miaka minne hii."

Barazani mtu aliita kitu, wengine wakacheka, na sauti zao zilivuka maji zikiwa hazina maneno.

"Nimecheza miaka arobaini," Jaji akaendelea, bado mgongo wake kwa Begi. "Ulibadilisha rangi, ulibadilisha jina, ukapiga na muhuri. Sauti je? Mpira mgumu unalia. Wako unafanya *pu*, utadhani mtu amekanyaga mkate. Nimeujua tangu siku ya chaki. Unadhani nilikuwa nakohoa bure?"

Hapo ndipo miaka minne ilipomgeukia Begi na kumwonyesha uso wake wa pili. Mara zote zile, kikohozi kile kikavu, fimbo ikikutana na mpira. Mzee alikuwa akiufunika ule mlio watu wasiusikie. Chupa zote zile za dawa ya kifua. Kwa hiyo siri aliyoila na kunenepa haikuwa yake peke yake. Walikuwa wameila wawili, sahani moja, na mwenzake alikuwa akimtazama akila. Hakuwahi kumshika mtu kiganjani. Alikuwa akitumwa kazi bila kuambiwa, kama siku zote.

Na halafu yale machungwa. Alijua, na bado alisema machungwa. Alijua ni nani anayemvusha bwawa kila Jumamosi, akasimama mbele ya watu wote na kumfanya kichekesho, akiwa na mpira wa Begi mfukoni.

"Ulijua," Begi akasema.

Jaji aligeuka. Kwa karibu uso wake ulikuwa wa mzee kabisa, ngozi imelegea chini ya macho, mdomo umekauka. Akamwita kwa jina lake. Lile refu, lote, herufi kwa herufi, kama mama yake alivyolitamka. Hakuwahi kulisahau siku hata moja.

"Tafadhali," akasema.

Kamlango kakasukumwa wazi kabisa. Begi aliingiza mkono mfukoni na vidole vikaufumba ule mpira. Ulikuwa na joto kwa kukaa karibu na mwili. Ilikuwa ni kuutoa tu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, na wangevuka maji yale wawili kwa mara ya mwisho. Sharti lilikuwa lake mwenyewe, alijiwekea kwa hiari, nalo lilikuwa limetimizwa. Alisubiri moyo wake ulainike, na moyo ukakataa. Ikiwa jina lake lilikuwepo kinywani mwa mtu huyu siku zote hizi, basi miaka ishirini na sita ya Begi, Begi, Begi haikuwa usahaulifu.

"Hamna, Mheshimiwa," akasema. "Nimeleta ile uliyoagiza."

Jaji alishusha macho mpaka kwenye mfuko wa koti, pale ambapo ngumi ya Begi ilikuwa imejaza kitambaa. Mtu huyu alikuwa amesikiliza waongo kwa miaka thelathini, akiwa kwenye kiti cha hukumu. Aliutazama mfuko, akamtazama Begi usoni, na kitu fulani kilipita kati yao ambacho hakikuhitaji shahidi.

"Haya," akasema.

Akachukua mpira mgumu. Akausimamisha, akajipanga, na kwa kweli alipiga pigo zuri kuliko yote ya siku ile. Kama pangekuwa na haki ya mapigo peke yake, lilistahili kuvuka. Hakukohoa. Mlio ulipasuka juu ya maji, *ka*, ukagonga ukuta wa klabu na kurudi. Barazani watu walisimama. Mpira ulipanda, ukasita, ukashuka hatua mbili kabla ya ukingo, na maji yakaupokea bila kelele nyingi.

Mtu mmoja barazani akasema, "Umri." Alilisema taratibu, bila ubaya, na wenzake wakatikisa vichwa na kukaa. Hilo lilitosha. Kufikia chai, litakuwa limezunguka meza zote.

Jaji hakuomba mpira mwingine. Walipovuka wote alimpa Mfamasia mkono, kukubali kushindwa. Mfamasia alikuwa karibu kulia, alimshika kwa mikono miwili na kumwambia kwamba leo ilikuwa bahati tu, kwamba mwenye kombe anajulikana. Jaji akamjibu kwamba mpira aliochagua ulikuwa unamfaa. Watu walidhani ni kejeli ya mwisho, wakacheka kidogo. Jaji hakucheka.

Kisha akarudi alipokuwa Begi, na Begi akanyoosha mkono apokee fimbo aipanguse. Jaji hakumpa. Aliipangusa mwenyewe kwa upindo wa koti lake, akaitia begini, akainama, akaingiza mkanda begani. Mzigo mzima wa fimbo kumi na nne, kwa mtu wa miaka sabini na miwili. Alijaribu kusimama mara ya kwanza, akashindwa. Mara ya pili akasimama. Akaanza kuupanda mlima mdogo wa kwenda barazani, amepinda, mguu mmoja ukiburuta, mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Kigari kilikuwa njiani. Alikipita.

Begi alibaki pale chini. Mikono ilikuwa mitupu na haikujua pa kukaa. Bega la kulia, ambalo kwa miaka ishirini na sita lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, lilibaki vilevile, limeshuka, ingawa hapakuwa na kitu juu yake. Mama wa duka alikuwa amesimama mlangoni. Macho yao yalikutana, na mama yule akaingia ndani akafunga dirisha la kuuzia, ingawa ilikuwa bado saa sita.

Alizungukia nyuma, penye banda la makedi. Wenzake wote walikuwa mbele kutazama kombe linakabidhiwa. Makofi yalisikika, machache, ya haraka. Kwenye benchi trei ya mayai ilikuwa palepale alipoiacha, na kichupa cha dawa ya kucha, na muhuri ukiwa umelala ubavu. Begi alitoa mpira mfukoni na kuutazama. Mizani ilikuwa imekaa wima, mistari haikuvuja wino hata kidogo. Alikuwa na mkono mzuri wa muhuri. Hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Akafumbua kiganja. Mpira ukaanguka juu ya saruji, ukafanya *pu*, mlio mdogo wa chini ambao usingemfikia mtu hata aliyesimama upande wa pili wa banda. Ukabiringika, ukasimama kwenye kiatu chake. Begi alitazama kushoto, akatazama kulia. Akainama, akauokota, akauachia tena, na safari hii, mpira ulipogusa chini, alikohoa.